Kilio cha mnyama ambaye hajafa

Ujinga wangu ulikuwa huu: niliwaambia watoto wa dada yangu kwamba gorila wa msitu wa Kahuzi wakiisha, hakuna atakayewalilia. Mwalimu alikuwa amewapa kazi juu ya wanyama wanaokaribia kutoweka, na mimi, mtu wa diploma ya Etat, ile ya kumaliza sekondari, na kiti cha sebuleni, nikajiona profesa. Habari za mitego na msitu unaokatwa ziliwapita tu. Hiyo ya kutoliliwa ndiyo iliyowashika.

"Tonton, hata mutu moya hataenda ku kilio yao?" yule mdogo aliniuliza mimi mjomba wake.

"Kilio gani? Nani ataweka matawi ku mulango?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akauliza kama yule wa mwisho atajua kwamba ni wa mwisho. Nikasema sijui, nikaenda kulala. Kulala mchana ni kazi ninayoifanya vizuri; hapa mtaani Muhumba majirani wananiona kwenye misa tu, tena si kila misa.

Niliamshwa na kuimba. Sauti za chini, za watu wengi, wimbo ule unaoimbwa maiti ikiwa bado ndani ya nyumba. Nikawa ninawaza nani mtaani alikuwa mgonjwa, mpaka nikatambua kwamba wimbo uko chini ya dirisha langu.

Nilisogeza rido, pazia la dirisha. Ukungu wa ziwa ulikuwa umepanda hadi uani, na ndani yake watu wameketi kwenye viti vyangu, wakizunguka moto unaotoa moshi tu. Kwenye mlango wa lupango, pale pa kuingilia uani, yalikuwa yamefungwa matawi mabichi. Kwetu, mtu akiona matawi hayo haulizi. Anaingia, anakaa, analia. Habari ataipata baadaye. Watoto wote wawili walikuwepo, mdogo akilia kwa kwikwi katikati ya kina maman wa mtaa. Dada yangu alikuwa ameshinda shambani Nyantende. Nikadhani ndiye aliyekufa. Lakini kama ni yeye, mbona hawakuniamsha?

Wazee wawili walikuwa wanapimiana kitu kwa mikono, kwanza urefu, kisha upana, kama wa jeneza, huku wakitazama mlango wa chumba changu. Upana ule niliutambua. Ulikuwa wa tumbo langu.

Nilijishika shavu. Lilikuwa baridi.

Nikatoka. Wimbo ulikatika sauti moja moja. Maman wa nyumba ya pili alifanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyenisalimia; walinitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Mdogo peke yake ndiye aliyenijia, akanikamata suruali.

"Tonton, usibafukuze! Ona, batu balikuya. Hata gorila akikuwa wa mwisho, batakuya kumulilia."

Macho yake yalikuwa yamevimba. Ikabidi niwaeleze watu wazima wale, mimi niliyesimama na soksi, kwamba matawi waliyafunga watoto, na msiba ni wa gorila.

"Amekufa?" mmoja aliuliza.

"Hapana. Bado."

Nilingoja wacheke. Mdogo hakuniachilia. Mwishowe jirani wa upande wa chini, aliyeleta kuni zake mwenyewe, alisimama akajipangusa majivu.

"Gorila iko na bagarde ba pori benye kumutafutaka kila asubui," alisema. "Weye, tuliona matawi tukasema umekufa, na hakuna mutu alishangaa."