Bosi Anayetumwa Unga

Ninyi vijana mtakaosoma haya, mnaofanya kazi mmejikalia kwa kochi na kompyuta magotini, msidhani mambo yalikuwa hivyo tangu zamani. Nafasi hiyo ilipiganiwa. Katika nyumba yangu nilipigana mimi, ingawa nilianza upande usiofaa.

Ilikuwa miaka ile intaneti ndiyo inaanza kuingia mitaani. Mjukuu wangu wa kwanza aliishi nami Kangemi, pamoja na mama yake na mdogo wake. Kazi yake ilikuwa kusikiliza sauti za madaktari wa ng'ambo na kuchapa waliyosema. Kampuni iko huko mbali, yeye yuko kwa meza yangu ya kulia, modemu imening'inia dirishani penye netiweki.

Mimi niliona msichana aliyekaa nyumbani, na aliyekaa nyumbani hutumwa. Leta unga. Angalia maharagwe. Anua nguo, mvua hiyo. Akienda dukani, daktari anabaki akiongea peke yake mezani.

Siku moja kampuni ikamwandikia: tuambie kama wewe ni mwajiriwa au umejiajiri, na utuonyeshe umejiandikisha kulipa ushuru huko kwenu. Bila hayo, hakuna kazi tena. Na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inamsomesha mdogo wake.

Akaniuliza mimi, shosho yake. Sasa, mimi mume wangu aliandikwa kiwandani. Ushuru wake ulikatwa kabla mshahara haujafika mfukoni. Alilalamika kila mwisho wa mwezi, tena kwa sauti majirani wasikie, maana asiyekatwa alikuwa kibarua.

"Sema umeandikwa," nikamwambia. "Nyumba hii haina vibarua."

"Shosho, hawajaniandika. Hata likizo hawanipi."

"Wanakulipa?"

"Wananilipa."

"Basi wamekuandika. Peleka."

Akapeleka. Jibu likarudi siku hiyo hiyo: sisi hatujakuajiri. Rekebisha, na mpaka urekebishe hatukutumii kitu. Msichana akafunga kompyuta, akaenda kuanua nguo bila kutumwa. Hapo nikajua mambo yameharibika.

Kesho yake tukashuka mjini, mimi nimevaa koti langu la kanisani. Ofisi ya ushuru ilikuwa imejaa watu. Tulipofika dirishani tukamkuta karani, kijana wa tai nyekundu.

"Mwajiri wako ni nani?" akamwuliza mjukuu wangu.

"Sina."

"Anaye," nikasema. "Yuko ng'ambo, anajificha."

"Shosho, ngoja kidogo. Hiyo kompyuta ni ya nani?"

"Ni yangu," msichana akajibu.

"Wakikutumia kazi unaweza kukataa?"

"Naweza. Na kampuni nyingine ikinipa, nafanya."

"Na saa za kazi, nani anakupangia?"

Msichana akanitazama, akatazama chini. "Shosho."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja nyuma yetu akapaza sauti, "Basi ushuru alipe shosho!"

"Kwani wewe ndiye bosi wake?" karani akaniuliza, anajikaza asicheke.

"Mimi humtuma unga tu."

"Saa ya kazi?"

"Unga hauna saa, kijana. Njaa ikija imekuja."

Akatueleza polepole, na nitamsifu kwa hilo. Huyu amejiajiri, akasema. Hakuna wa kumkatia. Pesa zinatoka ng'ambo lakini yeye yuko hapa anafanya kazi hapa, kwa hiyo kila mwaka atatangaza mapato yake mwenyewe na kulipa hapa.

"Na akisahau?"

"Bosi wake atamkumbusha."

"Bosi gani tena, si umesema hana?"

"Huyo hapo, shosho. Bosi uliyekuwa unamtafuta ng'ambo umekuja naye."

Tukatoka na nambari yake ya ushuru. Akaandikia kampuni kutoka saiba ya hapo mjini, duka la kukodi intaneti, na kabla hatujamaliza chai kwa hoteli ya karibu walikuwa wamejibu: sawa, kazi inakuja. Msichana akacheka mpaka chai ikampalia. Nami nikampa mkoba wangu. "Bosi, beba."

Lakini njiani kurudi nilifikiri. Bosi wa mume wangu alikuwa na mlango, na mtu hakuingia bila kubisha. Sikuwahi kusikia kwamba aliitwa aache mkutano akaangalie maharagwe.

Jioni nikawakusanya wote sebuleni, nikasema mara moja tu:

"Kuanzia kesho, tukishakunywa chai ya asubuhi, meza hii ni ofisi mpaka chakula cha mchana. Asitumwe na mtu, hata mimi. Anayetaka unga ana miguu. Pesa yake ikiingia, ushuru unawekwa kando kwanza, ndipo tuzungumze nyama. Na wewe, bosi, ofisi ikifungwa, sufuria zinakungoja."