Jina Nililokwenda Nalo Baharini

Nahodha aliuliza nani anarudi baharini kwa safari ya pili, na mimi nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza, kama mtoto wa darasa la kwanza anayejua jibu. Mkono ule heri ningeuacha mfukoni. Ndege ya kunirudisha ilikuwa inaondoka kesho yake asubuhi, na huko Buffalo binti yangu, mtoto wangu pekee, alikuwa na mimba iliyokaribia siku zake, akinisubiri nimpe mtoto wake jina.

Kwetu jina la mtoto wa kwanza hutolewa na babu mzaa baba. Lakini baba wa mkwe wangu alifia vitani, na mkwe mwenyewe, kijana mpole, alipanda basi kutoka Buffalo hadi kwangu Louisville kuniambia, "Papa, mimi sina mzee mwingine. Jina ni lako." Machozi yalinitoka, nikasingizia pilipili. Jina nilikuwa nalo tayari: la mama yangu, tuliyemzika kando ya barabara tukikimbia vita, mahali ambapo leo hata mimi siwezi kupaonyesha. Ni jina linalomfaa msichana na mvulana pia. Sikumwambia mtu, kwa sababu jina halitajwi kabla mtoto hajaonekana. Mzee humnong'oneza kwanza mtoto mwenyewe, sikioni, ndipo wengine wasikie.

Sasa, mzee mpanga mifuniko ya plastiki katika kiwanda cha Jeffersontown alifikaje kwenye meli ya kuvua kaa huko Alaska? Kwa uongo, na tena uongo mtamu. Tangu tufike Amerika nilikuwa nawaambia watu kwamba nilikuwa mvuvi wa Ziwa Tanganyika. Ukweli ni kwamba niliuza nyavu dukani, mjini Uvira, kando ya ziwa hilo. Nyavu nilizijua kwa kupapasa tu, hata macho nimefumba. Ziwa nililiogopa. Siku niliyolivuka nilitapika tangu ufukweni mpaka ng'ambo.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, alikuwa anaishi Columbus. Mwaka uliotangulia alikuwa amefanya kazi Alaska katika kiwanda cha samaki. Baada ya Noeli alinialika kwake, na mezani, mbele ya nusu ya kanisa, akaniuliza:

"Shemeji, nguvu ya kuvua ingalipo?"

"Mimi? Samaki wananijua kwa sura."

"Bon. Kule kuna nahodha, mtu wake mmoja amevunjika mguu. Nimemwambia nina shemeji aliyezaliwa ndani ya mtumbwi."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mtu akanijazia tena sahani, akaweka kichwa cha samaki juu. Nani angeweza kusimama hapo na kusema alikuwa muuza duka? Nikakila kile kichwa chote. Safari moja, nikajiambia, halafu Buffalo kwa mjukuu.

Siku ya kwanza baharini nilitapikia viatu vya nahodha. Siku ya pili nilivitapikia tena, na yeye akawa anapita mbali nami kama mtu anayekwepa mbuzi mkali. Kwenye deki tulikuwa watano: mimi na vijana wanne wenye ndevu, ambao waliniita Babu tangu asubuhi ya kwanza. Mitego yetu ilikuwa ya vyuma, kila mmoja mpana kama kitanda cha watu wawili. Kazi yangu ilikuwa kukatakata samaki wa chambo, kujaza vikopo, kuingia nusu ya mwili ndani ya mtego na kuvitundika humo, huku meli ikilala upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Maji yaliyotupiga usoni yaliganda kwenye nyusi. Vidole vilivimba hata sikuweza kufunga kifungo cha suruali, na kijana wa ndevu nyekundu ndiye aliyekuwa ananifungia, akiimba kama mama anayembembeleza mtoto. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, ingawa zilikuwa zinauma tayari.

Kisha wakanipa ndoana ya kurusha. Mtego ukiwa chini, boya lake linaelea juu, nawe unarusha ndoana kulinasa ili winchi ivute kamba. Mrusho wangu wa kwanza ulinasa kofia ya yule kijana wa ndevu nyekundu.

"Babu, kwenu mlikuwa mnavua watu?"

"Kwetu tunaanza na wadogo," nikamjibu.

Jioni nikawapikia ugali wa unga niliouleta kutoka Louisville. Nahodha alionja, akatafuna muda mrefu, akasema kwa saruji hii tungeweza kuziba tundu la meli. Akaomba aongezewe.

Halafu ikaja asubuhi ya mawimbi makubwa, yale yanayosimama juu ya meli na kufikiri kwanza kabla ya kuanguka. Boya likapita mbali, likizama na kuibuka. Nikarusha. Ndoana ikalinasa mara moja. Mtego ukapanda umejaa kaa mpaka juu, miguu yao ikipenya kila upande, na vijana wale wakanibeba begani, juu ya deki ya barafu, wapumbavu wote watano. Muuza nyavu alikuwa amekuwa mvuvi. Uongo wangu wa miaka mingi ukawa kweli mkononi mwangu, na sijui kama nimewahi kulewa namna ile, hata siku ya harusi yangu.

Kwa hiyo bandarini nahodha alipouliza, nilikuwa bado begani mwao. Nikanyoosha mkono. Nilimpigia binti yangu simu nikiwa nimesimama kati ya makreti.

"Papa, unakuja lini?"

"Safari fupi tu, mama. Mtoto wa kwanza hachelewi kuchelewa."

"Na kama atawahi?"

"Mwambie anisubiri."

Alicheka, na mimi nikakichukua kicheko kile kama ruhusa.

Dhoruba ilitukuta mbali. Nahodha aliuelekeza uso wa meli kwenye upepo na tukakaa hivyo, tukipanda na kushuka, hatuvui wala haturudi. Barafu ilinenepa kwenye kila kamba na kila chuma. Ikizidi uzito meli hupinduka, kwa hiyo tuliigonga kwa nyundo za mpira kwa zamu, tumejifunga kamba kiunoni. Niliimba nyimbo za kwaya yetu ya Louisville, vijana wakaitikia maneno wasiyoyajua, na kila bamba la barafu lililodondoka baharini tulilipigia makofi. Nilikuwa na furaha. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nahodha alikuwa na simu ya kupigia kutoka baharini. Sikuiomba. Nilijua nikiiomba nitasikia kwamba mtoto amezaliwa.

Nilifika Black Rock, mtaa wa binti yangu huko Buffalo, theluji ikiwa imefika madirishani. Mlango ulifunguliwa na mama mmoja Mtanzania wa rika langu, mkazi wa North Buffalo, ambaye nilikuwa nimemsikia tu kwenye simu. Alijifunga kanga, na ndani ya kanga, kifuani, kulikuwa na mtoto.

"Karibu, mzee. Pole na safari. Nawa kwanza, unanuka bandari nzima."

Nikanawa mpaka viwikoni, nikicheka, nikiwaeleza habari za boya na kofia kabla hata sijakaa. Binti yangu alinitazama akiwa kitini.

"Nimemletea mtoto jina lake," nikasema.

Mama yule akamtazama binti yangu.

"Papa, ameshaitwa."

"Nani amemwita?"

"Tulikungoja. Tulimpigia mjomba Columbus kila siku, naye hakujua kitu. Tulimwita 'mtoto, mtoto,' mpaka mume wangu akasema haifai, nyumbani hatuwezi kuwa na mtu asiye na jina. Ni mama huyu aliyenipeleka hospitali. Yeye na mume wangu walitoka na koleo, wakachimba njia ya gari kwenye theluji. Tukamwomba yeye."

Mama yule alikuwa amempa mtoto jina la mama yake mwenyewe. Nilimwambia asante, na nilimaanisha.

Wakanipakatisha. Alikuwa msichana, amelala. Niliinama mpaka sikioni, jina langu likiwa tayari ulimini. Binti yangu akamwita mtoto, polepole, kwa lile jina jingine, na mtoto akafumbua macho. Nikainua kichwa.

Baadaye walipata wavulana wawili. Mkwe wangu aliwapa majina mwenyewe. Hakuniuliza tena, na mimi sikuwa na uso wa kuomba. Msichana yule sasa ni mkubwa, anapenda hadithi ya kofia na ndoana, hunitaka niirudie kila nikienda, na mimi huirudia.

Mama yangu hana kaburi linaloonekana, na hakuna mtu duniani anayeitwa kwa jina lake. Hicho ndicho nilicholipa kwa safari ya pili.