Ulimi Usio na Kazi

Siku niliyokwenda kuomba mke kule Ruziba, nje ya mji, niliazima gari la mkuu wangu wa kazi, gari jipya kabisa, na hilo ndilo lililoniponza. Ningekwenda kwa baiskeli kama watu wenye akili zao ningefika mapema. Lakini uhuru ulikuwa bado mbichi, nami nilikuwa karani mwenye tai mbili, nikaona ni aibu kumwendea mwalimu mkuu mstaafu huku suruali nimeibana kwa vibanio vya nguo.

Mwalimu huyo ndiye aliyekuwa baba wa binti niliyemtaka. Alikuwa ametuma neno moja tu: saa tisa kamili. Enzi za kazi yake alifunga lango la shule kengele ikilia, na mtoto aliyechelewa alirudi kwao hata kama ni mvua iliyomchelewesha. Binti mwenyewe alinionya kwamba posa nyingine ilikuwa imeshaletwa, ya mfanyabiashara mmoja hodari wa maneno, na baba yake alikuwa anatafuta sababu tu ya kumwacha mmoja wetu.

"Ukichelewa, weye ndiye umemupa sababu," aliniambia. Nilishindwa kula siku mbili.

Gari lile lilikuwa na kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona kwenye magari ya zamani: kitaa chekundu mbele ya dereva. Kilikuwa kinawaka tangu juzi yake. Mimi, ambaye leseni yangu ilikuwa na miezi minne, nilidhani ni pambo, na jioni nilizunguka mtaani nimewasha taa zote ili majirani wakione vizuri. Baba mkubwa naye alikikubali. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wetu, maana kwetu kijana hajiombei mke, huombewa. Alikaa mbele, kofia magotini, akakitazama njia nzima.

"Iyi gari iko na heshima, mutoto wangu," alisema. "Hata muchana inatuwashia taa."

Tulipofika mtaa wa Buyenzi, karibu na soko, heshima ikaisha. Honi ilitoa sauti ya mbuzi mgonjwa, injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Ilikuwa saa saba na nusu. Mimi na binamu zangu wawili waliokaa nyuma tulishuka kusukuma, tai shingoni, kibuyu cha pombe ya ndizi kikicheza kiti cha nyuma. Baba mkubwa hakusukuma. Alitembea kando ya gari akiwasalimu watu, kana kwamba ndivyo tulivyopanga kutoka nyumbani.

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye karakana ya mabati. Alitazama kitaa, akanitazama mimi, akacheka bila kuficha.

"Taa iyi ni kilio," alisema. "Betri yako iko na njaa. Dinamo ndiyo inapika, betri ndiyo inakula, na iko kasanduku haka ka regilateri, kenyewe ndiko kanagawa chakula. Sasa mi sijui mukosefu ni nani: ule mwenye kupika ama ule mwenye kugawa."

"Basi angalia!" nilisema, na nakiri nilisema kwa ukali usiomstahili mzee.

"Apana. Mi siangaliaka. Mi naonjaka."

Ndipo nikajua habari yake. Mzee yule alipima moto wa gari, yaani umeme wake, kwa ulimi. Alikuwa na balbu ya kupimia lakini aliidharau. Balbu, alisema, inakuambia tu kama moto uko au hauko, ila ulimi unakuambia uko namna gani. Watu walivuka kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, kumletea magari yao ayaonje. Tatizo ni kwamba ulikuwa mwezi wa Ramadhani, naye alikuwa amefunga.

"Rudi magaribi," aliniambia.

Nilikaribia kulia palepale. Jirani yake, fundi baiskeli, alitoa hoja kwamba moto si chakula, hivyo hauwezi kumvunjia mtu funga. Fundi akajibu kwamba moto una ladha, na kitu chenye ladha ni chakula mpaka uambiwe vinginevyo. Wakamwita mwalimu wa madrasa aliyekuwa akipita. Akasikiliza pande zote mbili kwa utulivu, saa ikikimbia, halafu akasema kuonja bila kumeza hakubatilishi funga, lakini haipendezi bila dharura.

"Miye nikionjaka, namezaka mate," fundi alisema kwa huzuni. "Ni mazoea ya miaka."

"Basi huyu kijana aonje," alisema mwalimu wa madrasa. "Yeye hafungi."

Macho yote yalinigeukia. Mimi nikamgeukia baba mkubwa, ambaye naye hakuwa amefunga.

"Ee, apana!" alisema, akiziba mdomo kwa kofia. "Ulimi yangu leo iko na kazi. Yako haina kazi."

Ukweli ulikuwa wake. Wakalisukuma gari mpaka likanguruma. Fundi akachomoa waya wa dinamo, akaufuta kwenye suruali ambayo ilikuwa chafu kuliko waya, akauweka juu ya ulimi wangu na kunikazia macho.

"Iko kama nini?"

"Kama chungwa bichi. Kidogo sana."

"Kidogo lakini iko?"

"Iko."

Uso wake ukachanua. Mpishi alikuwa mzima, alisema, ila hapewi kuni. Aliyekuwa akimnyima ni yule mgawaji. Akafungua kasanduku, akakwangua vyuma vyake vidogo kwa kipande cha msasa, akafunga, akaunganisha nyaya, akaniambia nionje tena.

Mara hii sikuonja kitu, nilipigwa kofi ndani ya mdomo. Niliruka, nikatoa ukelele, na wauza nyanya wakasimama kutazama. Fundi aliuliza kama ni ndimu au pilipili. Niliweza tu kupunga mikono.

"Amepona!" alitangaza, akimaanisha gari. Kitaa kilikuwa kimezimika.

Ruziba tulifika zimebaki dakika tano. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama langoni na saa mkononi, na nadhani alisikitika kidogo. Baba mkubwa alisema vizuri mno, kwa ulimi uliopumzika. Mimi nilikaa kimya nikisikia wangu unavimba, kwa sababu nadhani waya ule ulikuwa na tindikali ya betri, nikajipa moyo kwamba kazi ya maneno si yangu. Mara mwalimu akavunja desturi.

"Mwezi huu nimewasikia wasemaji wengi," alisema. "Leo kijana aseme mwenyewe. Unamtakia nini binti yangu?"

Wakati huohuo binti akaingia na sinia ya vinywaji. Nikafungua mdomo. Hakuna neno lililotoka, ila machozi yalinimwagika mpaka kwenye tai. Mwalimu alivua miwani, akaifuta polepole.

"Inatosha," alisema. "Ule mwenzako mfanyabiashara alisema saa nzima, macho makavu."

Nikapewa mke. Ukweli niliuficha miaka miwili, mpaka siku moja nikamwambia mke wangu tukiwa jikoni, akiambua maharage. Alicheka hadi akaegemea ukuta. Kisha akaacha kucheka.

"Kwa hiyo haukunililia miye?"

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikaumeza. Nikamwambia kwamba ulimi uliuma, ndiyo, na ndio ulioninyima maneno. Lakini yeye alipoingia niliona glasi zinagongana kwenye sinia aliyoibeba, nikajua naye alikuwa anaogopa nitakataliwa. Machozi yalianza hapo, kabla sijafungua mdomo.

Aliendelea kuambua, ila maganda alikuwa anayatia kwenye sufuria, na maharage anayatupa chini.