House ya Soweto, home ya Nyololo

Juzi kwenye mashine ya kusaga hapa Soweto, Mbeya, binti mmoja wa sekondari alikuwa akimfundisha bibi yake Kiingereza huku wakisubiri unga.

"House ni jengo, bibi. Home ni pale unapoishi."

"Basi home ni Nyololo."

"Bibi! Si unaishi hapa kwetu? Na ile nyumba ya Nyololo ilishaanguka."

Bibi akajipangusa pumba mikononi.

"Iliyoanguka ni house. Babu yako amezikwa pale, nani kamhamisha?"

"Na hapa kwetu je?"

"Hapa pazuri, mjukuu wangu. Ila bado hatujazika mtu."

Mimi nimejenga hapahapa Soweto, vigae hadi chooni. Namshukuru Mungu, bado ni house.