Chumba cha Bibi Kasinah

Soko la batiki la mji wa Solo lilimjua Warsiyem kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo ni wateja wachache sana waliotoka kibandani kwake mikono mitupu. Hakuwa na maneno mengi. Alikunjua vitambaa vitano, sita, akanyamaza, akautazama mkono wa mteja. Mdomo unasema naangalia tu, lakini mkono unarudi kwenye kitambaa kimoja. Hicho ndicho alichoanza kukifunga kwenye gazeti kabla mtu hajataja bei.

Sasa alikuwa na miaka sitini na tisa na goti la kushoto limegoma. Kibanda alishakiacha. Kazi moja tu ilikuwa imebaki aliyoapa kuifanya vizuri, nayo ni kumwoza Retno, mtoto wa marehemu dada yake mdogo, aliyemlea tangu ana miaka minne.

Bwana harusi, Danang, hakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kwa bibi yake. Bibi Kasinah, wa kule juu milima ya Wonogiri, ndiye aliyemlea kijana huyo tangu mama yake alipokwenda kufanya kazi Malaysia asirudi. Siku ya posa, watu wa Warsiyem walimpangishia bibi huyo chumba katika ile hoteli mpya ya barabara kuu, ghorofa ya nane, kwa heshima zote. Asubuhi yake kitanda kilikutwa hakijalaliwa. Bibi alikuwa ameshapanda basi la kwanza, bila kuaga mtu. Baadaye akatuma salamu kwamba aliwakumbuka mbuzi wake.

Ukoo mzima ulicheka habari ya mbuzi. Warsiyem hakucheka. Sisi watu wa huku tukiudhika tunatabasamu, tukiumia tunasema hatujambo, na mtu mzima akisingizia mbuzi, ujue ameficha jambo moyoni na hatalisema hata ukimpigia magoti. Kisha Danang mwenyewe alikuja, akakaa barazani, akasema kwa sauti ndogo kwamba bibi yake akiondoka tena kabla ya ndoa kufungwa, yeye hatakuwa na moyo wa kuketi mbele ya kadhi kama mtu asiye na mzazi. Hakuwa akitisha. Retno alisikia, akaingia ndani, akajifungia.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Warsiyem alipiga simu Wonogiri, akauliza mara tatu kama adabu inavyotaka: je, mama angependa kulala wapi? Mara tatu akajibiwa vilevile, popote tu mwanangu, hata ukinitandikia mkeka jikoni. Jibu kama hilo ni zuri kwa masikio, lakini huwezi kulitandikia shuka.

Retno naye alikuwa na simu yake, anapitisha picha za hoteli kwa kidole. "Mama mkubwa, tazama hii. Ina bwawa la kuogelea."

"Bibi wa miaka themanini na moja ataogelea na nani?"

"Si lazima aogelee. Ni heshima."

"Heshima ya mara ya kwanza ilipanda basi alfajiri," alisema Warsiyem. "Hoteli hii nitaichagua mimi, kwa macho yangu, na yeye mwenyewe atanionyesha bila kujua."

Alimwagiza Danang amlete bibi yake mjini kuchagua kitambaa cha kuvaa siku ya harusi. Jambo la kitambaa lilikwisha kabla ya saa nne. Walipokuwa wanakunywa chai, Warsiyem akashusha pumzi, akasema ana shida. Ana mgeni anakuja kutoka Jakarta, mwanamke mtu mzima, mgumu kupita kiasi, na yeye hajui amlaze wapi. Mama asingekubali kumsaidia macho?

Bibi Kasinah alimtazama kwa muda mrefu kidogo. Akasema kama ni kusaidia, sawa.

Wakapanda baiskeli ya abiria ya Sarju, ambaye amewaendesha watu wa mtaa ule tangu ana nywele. Wakaanzia kulekule kwenye hoteli ndefu. Ndani ya lifti bibi alimshika Warsiyem mkono, vidole vikaingia nyamani. Chumbani akasimama katikati ya zulia, hakugusa kitu.

"Dirisha hili halifunguki," alisema. "Huyo mgeni wako atajuaje kumekucha? Hasikii jogoo, hasikii adhana. Na kile kikadi cha mlangoni, akikichomoa, taa zote zinazimika. Hajui akirudishe vipi. Atakaa kwenye kiti, gizani, mpaka asubuhi. Ataona haya kumwita mtu."

Warsiyem alihisi uso unawaka. Alikuwa ameujua mkasa mzima wa ile siku ya posa kupitia habari za mgeni asiyekuwepo. Akasema tu, "Kweli mama, hapa hapamfai."

Hoteli ya pili ilikuwa jumba la zamani la nguzo nyeupe, lililojengwa na Waholanzi, na vijana wa vilemba wakiinama kila hatua. Warsiyem alipapenda mno. Akajiona amesimama pale mlangoni akiwapokea wakwe, majirani wote wakitazama. Bibi Kasinah alikipima kitanda kwa macho, akauliza huyu mgeni atapewa ngazi au atarushwa. Kuhusu vijana alisema wanainama sana mpaka mtu anashindwa kuomba maji.

Hiyo ya tatu Sarju ndiye aliyeitaja, na Warsiyem alikubali shingo upande. Ni nyumba ya kulala wageni ya Mama Endang, kichochoroni nyuma ya soko kuu. Vyumba vinne kuzunguka ua, kisima, tetere kwenye tundu, ufunguo wa chuma. Rangi ya ukuta inabanduka. Bibi Kasinah aliisema vibaya kuliko zote: taulo limechakaa, ukuta una ukungu, chai ni maji ya kunawia. Lakini alipokuwa akisema hayo alifungua dirisha la mbao, akalifunga, akalifungua tena. Alikwenda kutazama choo, kile cha kuchuchumaa, akarudi, mkono ukaenda tena kwenye komeo. Kisha akatoka, akavua ndara, akakaa kwenye ngazi ya ua, nyayo zake zikigusa sakafu.

Warsiyem aliuona ule mkono. Alitamani asingeuona. Awalaze wakwe hapa? Jina lake lingetafunwa soko zima. Akafungua mdomo aseme habari ya lile jumba la nguzo nyeupe, kwamba labda kuna chumba chenye kitanda kifupi.

"Huyo wa Jakarta kama hapataki hapa," alisema Bibi Kasinah, akiwatazama tetere, "usipaache pakae bure."

Kwa mtu wa rika lake na adabu zake, hayo yalikuwa maneno mengi. Warsiyem akafunga mdomo, akaenda kwa Mama Endang, akataka vyumba vyote vinne. Akaambiwa viwili vimeshachukuliwa na wanafunzi kutoka Semarang. Akavuta kiti, akasema atasubiri wanafunzi hao wapigiwe simu wahamishiwe kwingine, goti lake halina haraka. Walipigiwa. Wakahamishwa.

Mdogo wake, Harjono, alikuja jioni ileile akiwa amevimba. "Dada, unawaficha wakwe kichochoroni? Watu watasema Warsiyem amefilisika."

"Waache waseme. Simlazi mtu ndani ya midomo ya watu mimi. Nyie mlimlaza kwenye ghorofa ya nane akakesha kwenye kiti, na mkacheka."

Harjono akavuta kiti, akaomba chai.

Bibi Kasinah alifika siku mbili kabla ya harusi, na mto wake mwenyewe na kopo la unga wa muhogo. Siku ya ndoa Danang aliketi mbele ya kadhi, na nyuma yake, hatua mbili tu, alikuwepo bibi yake katika batiki ya kahawia, amenyoosha mgongo. Wageni wengine waliondoka kesho yake. Yeye hakuondoka, wala siku ya tatu, wala ya nne. Siku ya tano, ambayo ni siku ya kumpeleka bibi harusi kwao mume, ndipo alipofunga mfuko wake, akampa Warsiyem mikono miwili, akamuaga. Retno alikuwa ameshaanza kuhangaika na saa ya basi. Bibi akamwambia akae anywe chai kwanza, hata la saa nne litafaa.