Fusae Ajifunza Kupigwa

Katika mji mzima wa Takatsuno hapakuwa na mikono isiyotulia kama ya Isomura Fusae, kinyozi wa mtaa wa darajani. Ukikaa kwenye kiti chake anakunyoa, anakunja taulo, anafukuza nzi na kukuuliza habari za mama mkwe wako, yote kwa pumzi moja. Wateja walishika masikio yao. Lakini hakuna aliyewahi kukatwa, sifa yake tumpe.

Mara mbili kwa wiki alifunga duka mapema akaenda ukumbi wa Karesawa kufanya mazoezi ya upanga wa mti. Miaka ishirini na minne hakukosa. Shule yenyewe ilikuwa na umri wa miaka mia tatu na ushei, na wanafunzi watano, mmoja wao akija kwa sababu tu mkewe alikuwa amemchoka pale sebuleni.

Karesawa aliyeianzisha alikuwa askari wa ngome, hodari kwelikweli, ila alikuwa na ugonjwa wa kupenda kushinda. Aliwatwanga wanafunzi asubuhi, akawatwanga jioni, mpaka wakaisha. Uzeeni akajikuta peke yake, na ufundi wake hakuna mwingine anayeujua. Ndipo akapindua mambo: katika shule yake mkubwa ndiye anayeshambulia, na mkubwa huyohuyo ndiye anayeshindwa. Mwanafunzi ashinde kila siku mpaka ushindi umwingie mifupani. Mwalimu auawe mara hamsini, kisha aende zake nyumbani akale.

Kwa hiyo Fusae alikuwa ameshinda kwa miaka ishirini na minne mfululizo. Mtu akizoea hivyo, usimlaumu.

Mwaka ule mapafu ya Mwalimu Kirihara, mkuu wa shule wa wakati huo, yaligoma. Mzee alikuwa na miaka themanini na mitatu, na daktari alimkataza hata kuunyanyua upanga. Akawaita wanafunzi kwenye chai.

"Sikukuu ya mavuno, mbele ya hekalu, Fusae atasimama upande wangu, upande wa kushindwa," alisema. "Akiweza, shule ni yake. Asipoweza, nafunga ukumbi, na hati zetu ziende makumbusho zikalale na vyungu."

"Mwalimu, kwani kushindwa nako ni kazi?" Fusae aliuliza.

"Binti, kushinda nilikuwa nakushikia mkono."

Wa kumshinda alikuwa mwanafunzi mwenzake Nagumo, mtu wa posta, mpole, mwili kama kabati la nguo. Upanga wa mwanafunzi hutakiwa kusimama upana wa kidole kabla ya paji la uso la mwalimu. Upanga wa Nagumo ulikuwa unasimama siku ukijisikia.

Kazi ya Fusae ilikuwa kushambulia, kisha kubaki palepale, kichwa wazi, mpaka pigo lifike. Kubaki! Kichwa kilikubali, miguu ikakataa. Kila pigo lilipoanza kushuka, yeye alikwisha teleza kushoto.

"Dada Fusae, umekwenda wapi?" Nagumo aliuliza.

"Nipo hapa."

"Mbona nimekata hewa?"

"Ulitaka ukate nini, pua yangu?"

Kirihara alikohoa kutoka kwenye mkeka wake. "Umemdanganya mwenzako. Sasa anaamini adui hukimbia mapema."

"Mwalimu, huyu juzi kapasua nguzo!"

"Nguzo ilibaki mahali pake. Jifunze kwayo."

Mwezi mzima Fusae hakukaa kitako. Alijaribu kusimama wima mpaka birika lichemke, akajikuta anafagia. Mkuu wa shule ya msingi aliondoka dukani upande mmoja wa nywele mfupi kuliko mwingine. Orie, muuza mboga, alijitazama kwenye kioo akasema, "Shoga, leo umeninyoa kama unafukuzwa na polisi."

Sikukuu ikafika. Watu wakakaa chini ya mierezi na vyakula vyao, Kirihara mbele kabisa, blanketi magotini. Pambano la kwanza Fusae aliteleza kidogo, hakuna aliyegundua isipokuwa mzee. La pili vilevile. La tatu aliteleza kushoto, na upanga ukamfuata hukohuko, ukampitia sikioni.

Hapo ndipo alipoelewa. Nagumo hakukosea. Nagumo ni mwanafunzi mzuri! Kwa mwezi mmoja alikuwa amejifunza kile alichofundishwa: kwamba pigo la Karesawa huenda pembeni, anakokimbilia Fusae. Kesho naye angemfundisha mwingine hivyohivyo. Tangu Karesawa, walimu kumi na wanne walikuwa wamepigwa kichwani maisha yao yote ili pigo lile lifike limenyooka, na kinyozi wa darajani alikuwa amelipinda kwa wiki nne.

Pambano la mwisho. Fusae alishambulia kwa nguvu zake zote. Nagumo akakwepa, akainua upanga. Vidole vya miguu vya Fusae vilikwangua changarawe, kila kiungo kikimwambia ondoka, ondoka. Upanga ulianza kushuka kushoto. Haukumkuta mtu. Nagumo akamwona yupo palepale, akaurudisha katikati kwa pupa, na kwa kuchelewa vile hakuweza kuuzuia.

Ko!

Umati uliguna. Fusae hakushika kichwa. Alirudi nyuma hatua tatu kama inavyotakiwa, akainama, na uvimbe ukaanza kupanda.

"Nisamehe, dada, nisamehe sana," Nagumo alinong'ona, macho yamejaa machozi.

"Nyamaza wewe, umeshinda."

Walipokwenda kupiga magoti mbele ya Kirihara, mzee aliutazama ule uvimbe kwa muda mrefu, kama anayechagua tikiti sokoni.

"Pigo limechelewa," alisema, "na limepitiliza. Lakini limekuja katikati. Jumanne mlirudie mara hamsini."

"Hamsini, Mwalimu? Kwa kichwa hiki?"

"Shule ni yako. Ukitaka ziwe arobaini, amua mwenyewe."

Fusae alimtazama Nagumo, akaitazama mikono yake mikubwa.

"Hamsini," alisema, akaanza kulikunja blanketi la mzee.