Kuku wa Jumapili ya Mavuno

Kuku mgonjwa ana harufu yake. Si ya samadi wala ya manyoya yaliyolowa. Ni uvuguvugu mchachu, kama uji uliosahaulika kwenye sufuria. Mpaka leo nikienda soko la Kiritiri kununua kuku, sianzi na uzito. Namwinua, nanusa chini ya bawa, nanusa tena, ndipo tuanze kubishana bei. Wauzaji hunicheka. "Mama, unanunua kuku ama marashi?" Nawaacha wacheke, maana kicheko chao hunipunguzia shilingi mbili tatu. Hawajui nilijifunzia wapi.

Nilijifunzia kwetu Kanja, nikiwa darasa la tano, asubuhi ya Jumapili ya mavuno. Siku hiyo kila nyumba ilipeleka kitu kanisani. Asiye na pesa alibeba ndizi, nduma, mayai au kuku, na baada ya ibada vitu hivyo vilinadiwa kwenye ngazi za kanisa. Mami alikuwa katibu wa akina mama, na wiki tatu kabla alikuwa amesimama mbele ya wenzake akaahidi kuku anayetaga. Wakati huo tulikuwa na kuku sita. Kisha ugonjwa wa kideri ukaingia bandani, na kufikia Jumamosi tulikuwa na mmoja. Nilihesabu mara mbili, ingawa mmoja si hesabu ngumu.

Mimi ndiye niliyembeba. Umande ulikuwa bado kwenye majani chai, na yule kuku alikuwa moto kifuani mwangu kama kiazi kilichotoka majivuni.

"Mami, anakoroma."

"Anakoroma kwa sababu umemkaba. Mwinue kichwa."

"Lakini ni kama wale wengine. Hata kinyesi chake ni kijani."

Mami akasimama katikati ya njia, Biblia kwapani. "Sasa niende na nini, Wawira? Majivu? Niliahidi na wote walisikia. Mungu anaona kwetu hakuna kingine. Anajua."

Hapo alinimaliza. Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa ametufundisha kwamba Mungu anaona hata ndani ya ghala la mahindi, na nilimwamini kabisa. Kila nilipodokoa sukari nilitanguliza sala ya chakula. Sasa kumbe Mungu ana habari za kuku huyu, na amenyamaza. Nikaona basi hilo ni jambo la wakubwa wawili, wameshaelewana.

Mnadi alikuwa Mzee Ireri, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Aliuza ndizi, akauza nduma, akamwinua jogoo wa mtu akasema, "Huyu ameokoka, hawiki usiku wa watu!" Kisha akamchukua kuku wetu mikononi mwangu.

"Mzee, mbona huyo anasinzia?" kijana mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Ametoka kwa mahubiri kama wewe, na wewe ulikoroma kumshinda!"

Kanisa zima likacheka. Nilimtazama Mami. Alifungua mdomo, nikadhani sasa anasema, kumbe alikuwa anakohoa. Nikatazama juu, nikimpa Mungu nafasi. Yeye pia hakuitumia.

"Wawira," Mzee Ireri akasema, "mwambie Cucu Marigu hapa, huyu kuku anataga?"

Cucu Marigu, yaani Bibi Marigu, alikuwa mjane aliyeishi peke yake chini ya mteremko, kwenye njia yangu ya shule. Alikuwa na kuku tisa, kila mmoja na jina lake. Mayai yao ndiyo yaliyomnunulia chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Alikuwa amenyoosha mkono tayari, macho yamemng'aa.

"Wiki moja alitaga mayai matano," nikasema. "Niliyahesabu mara mbili."

Ilikuwa kweli. Sikusema ni wiki gani. Nimefanya biashara miaka mingi tangu siku hiyo, na sijawahi kuuza kitu kwa maneno machache vile.

Jumatano nilipopita kwake njiani kwenda shule, kuku walikuwa saba. Ijumaa walikuwa wanne. Jumatatu iliyofuata nilisimama kwenye ua, nikahesabu, nikarudia kuhesabu. Palikuwa na manyoya tu na Cucu akifagia.

Ningeweza kusema siku hiyo. Nilisema, "Shikamoo, Cucu," nikapita mbio.

Ndugu wa kanisa walikuwa na ushirika kila Alhamisi jioni, ambapo watu walisimama na kuungama. Alhamisi hiyo Cucu Marigu alisimama.

"Bwana asifiwe."

"Asifiwe," tukaitika.

"Mungu amenipiga," akasema. "Nimekaa nikaitafuta dhambi iliyonimalizia kuku. Nimeipata. Mwaka ule mzee wangu alipokufa, nilisogeza mpaka wa shamba la nduma upande wa shemeji yangu. Hatua moja. Nilidhani hakuna aliyeona."

Akamgeukia shemeji yake pale pale, akamwambia kesho atamrudishia hatua mbili, moja ya shamba na moja ya toba. Shemeji hakuwa amewahi kujua kama mpaka ulisogea. Alizipokea zote mbili.

Akina mama wakaanza wimbo. Mami aliimba pamoja nao huku machozi yakimtiririka, na watu wakasema ana moyo wa huruma. Mimi nilishika ukingo wa benchi. Nikisema, namvua mama yangu nguo mbele ya watu. Nisiposema, hatua mbili za nduma zinakwenda. Wimbo ukaisha. Sikusema.

Mwezi uliofuata Mami alimpelekea Cucu matembe wawili wazima, karibu kuanza kutaga, aliowapata kwa dada yake. Cucu Marigu alisimama tena ushirikani, akamshukuru Mungu kwa mama huyu anayeishi mbele za Mungu kila siku, si Jumapili tu. Nyumbani siku hiyo Mami hakula. Hatukulizungumza, wala siku nyingine yoyote, hata tulipomzika Cucu miaka sita baadaye.

Miaka mingi nilidhani kosa letu lilikuwa kusahau kwamba Mungu anaona. Hatukusahau. Sisi tulikumbuka vizuri mno; tulijipumzisha juu yake, kana kwamba akijua Yeye yatosha. Mami alimwambia Mungu kila kitu, najua, nilimsikia akimwambia jikoni akidhani nimelala. Lakini Mungu hakuwa na haja ya kuambiwa. Aliyehitaji kuambiwa ni Cucu Marigu, na alikaa benchi lililo mbele yetu kila Jumapili kwa miaka sita, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa bega.